Mashine Yavuja Mafuta: Mafuta Gani, Tena Yatoka Wapi?

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Katika mdahalo wetu wa muhula wa pili, upande wa upinzani ulishikilia kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na maamkizi, na kwamba mtu akitaka kufungua injini hana budi kuazima Kiingereza. Kengele ililia kabla sijapewa nafasi ya kujibu. Mhariri ameniambia nijibu humu jaridani, nami nimechagua jambo ninaloliona kila likizo katika karakana moja ya mashine za boti kule Mokowe: namna ya kutambua mahali mafuta yanapovujia katika mashine kuukuu ya boti.

Kwa wenzangu wa bara, nieleze kidogo. Huku kwetu Lamu watu wengi huishi visiwani. Anayetoka Faza au Kizingitini, katika kisiwa cha Pate, hafiki hospitali kuu ya Lamu ila kwa bahari. Boti ndiyo matatu yetu, ndiyo lori letu la saruji na unga, na usiku mama akishikwa na uchungu wa uzazi, hiyo hiyo ndiyo ambulensi. Mashine tunayoisema haikai ndani ya chombo kama injini ya gari. Hufungwa nje, kwenye ubao wa tezi, kichwa juu na mguu majini. Mtu aliyeifanya mashine ya namna hii ipate soko kubwa ni Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe aliyekuwa akiishi Milwaukee, Marekani, mnamo mwaka wa 1909. Zilizo nyingi huku kwetu ni za tu-stroki, za nguvu za farasi 15 mpaka 40, na baadhi zimetutangulia kuzaliwa sisi wanafunzi.

Mashine ya ami yangu ni mojawapo, na karo yangu hutoka humo. Basi ikitona mafuta nami hutokwa na jasho.

Mafuta gani?

Mtu akija karakanani akasema, "Fundi, mashine yavuja mafuta," fundi hashiki spana. Huuliza kwanza, "Mafuta gani?" Na hapa ndipo lugha yetu inapotutega, kwa maana neno mafuta limebeba mizigo mingi. Petroli ni mafuta. Oili ni mafuta. Samli iliyoyeyuka ni mafuta, na hata sifa, yale mafuta ya papa ambayo wazee walipaka mbao za vyombo, ni mafuta. Anayesema "yavuja mafuta" hajasema kitu bado.

Katika mashine ya tu-stroki kuna mafuta ya aina tatu, na kila moja lina nyumba yake.

La kwanza ni mchanganyiko wa petroli na oili, unaotoka tangini kupitia mpira, ukaingia kwenye kabureta na kisha injini. Mashine ya tu-stroki haina birika la oili chini ya injini kama gari. Oili huchanganywa na petroli, hulainisha vyuma ikipita, kisha huungua pamoja nayo. La pili ni masalio ya mchanganyiko huo, yaani ile oili isiyoungua yote, inayotoka na moshi. La tatu ni oili ya gia, iliyofungiwa peke yake kule chini mguuni, ambako gia hugeuza mzunguko wa mtaimbo wa wima kuwa mzunguko wa rafadha. (Rafadha ni ile panga inayosukuma maji. Mabaharia wengi huiita propela, nami sigombani nao.)

Kuyatambua haya matatu hakuhitaji chombo cha kizungu. Twaa kipande cha katoni safi, kinga tone, kisha ngoja. Mchanganyiko wa petroli huenea upesi, hunuka petroli, na baada ya dakika chache huacha alama nyepesi ya oili tu. Masalio ya moshi ni meusi, membamba, yana masizi yanayochafua kidole kama chungu cha kuni. Oili ya gia ni nzito, huvutika baina ya vidole viwili, ikiwa safi ina rangi ya asali au kahawia, na harufu yake hukumbusha yai viza. Harufu hiyo ni ya salfa, ambayo hutiwa makusudi ili meno ya gia yasilane. Aliyewahi kuinusa mara moja hatasahau.

Nahodha mmoja alikuja karakanani na sili mpya za rafadha mkononi, keshazinunua. Alisema kila akilaza mashine mchangani usiku, asubuhi hukuta dimbwi dogo chini ya rafadha, kwa hivyo sili zimekufa. Fundi alikinga tone juu ya kifuniko cha kopo. "Hebu nusa, mwanangu," akaniambia. Lilikuwa jeusi, jembamba, lanuka moshi. Gia zilipokaguliwa, oili yake ilikuwa imejaa pomoni na safi. Yaliyokuwa yakitona ni masalio, kwa kuwa katika mashine nyingi moshi hutokea kwenye kitovu cha rafadha, na mashine ikilazwa yaliyoganda njiani hushuka.

"Wachanganya vipi?" fundi akamwuliza.

"Lita nzima ya oili kwa mtungi wa 20. Nataka mashine yangu ishibe, bwana."

Tupige hesabu. Kitabu cha mashine yake kilitaka 50 kwa 1, yaani sehemu hamsini za petroli kwa sehemu moja ya oili. Lita 20 ni mililita 20,000, ukigawanya kwa 50 unapata mililita 400. Yeye alikuwa akitia mililita 1,000, ambayo ni 20 kwa 1, mara mbili na nusu ya kiasi. Ziada hiyo haikuilisha mashine. Ilichafua plagi, ikajaza masizi katika njia ya moshi, na iliyobaki ikatona mchangani na kumtia hofu. Sili alizirudisha dukani. Lakini angalia: si kila mashine ni 50 kwa 1. Baadhi ya zile za zamani sana hutaka oili zaidi, na anayezipa kidogo huziua. Soma kitabu chake au kibandiko kilicho kwenye mashine, usisome cha jirani.

Oili iliyo petroli

Sasa nije kwa vujo ambalo mimi naliogopa kuliko yote, ingawa ndilo watu wanalolipuuza. Ukifungua kifuniko cha juu ukaona utando wa oili chini ya kabureta au kwenye sinia la injini, usidhani ni oili inayovuja. Pahali hapo hapana oili peke yake! Kinachopita ni mchanganyiko. Petroli imekwisha ruka hewani kwa sababu ni nyepesi, ikaiacha oili nyuma kama chumvi inavyobaki maji ya bahari yakikauka. Kila kijiko cha oili unachokiona kimeachwa na vijiko kama hamsini vya petroli vilivyogeuka mvuke ndani ya kifuniko, ambamo pia mna cheche za umeme. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, haupandi ukaenda zake. Hushuka, ukalala sakafuni mwa boti, miguuni mwa abiria, pale pale mtu anapowasha sigara.

Kwa hiyo utando huo ukionekana, safari husimama. Mashine ikiwa imezimwa na imepoa, minya ile tunda ya mpira ya kuvutia mafuta mpaka iwe ngumu, kisha tazama kwa tochi, si kwa kibiriti. Pitisha kidole chini ya mpira wote kuanzia tangini. Mpira uliopigwa na jua la Lamu kwa miaka hupasuka nyufa ndogo kwenye viungio, na ukiupinda nyufa hizo hufumbuka. Kama mpira ni mzima lakini kabureta inamwaga, aghalabu sindano ya boya imekwama kwa uchafu, au boya lenyewe limeingia petroli na limezama. Tunda ikikataa kabisa kuwa ngumu, mafuta yanapita mahali. Litafute mpaka ulione.

Safisha, paka poda, washa

Kabla ya kufungua chochote kingine, osha mashine. Fundi wetu hakubali kutazama mashine chafu, husema ni kama kumtafuta mwizi sokoni siku ya Ijumaa. Mashine ya miaka ishirini ina uvujaji wa zamani uliokwisha kauka, juu yake mpya, juu yake vumbi na chumvi. Sugua kwa brashi na sabuni ya unga, suuza kwa maji ya kisima, kausha kwa tambara. Kisha paka poda ya mtoto, ile ya kawaida ya dukani, sehemu zote unazozishuku. Poda hubaki nyeupe mahali pakavu na huchora mstari mweusi mahali panapotona. Ni hila ya bei ndogo, na nimeiona ikiwashinda wajuaji wengi.

Fungia mashine kwenye pipa la maji, maji yapite juu ya tundu za kuvutia maji ya kupoza. Usiiwashe kavu hata kwa kujaribu. Ndani ya pampu ya maji mna kigurudumu cha mpira ambacho bila maji huungua kwa muda mfupi sana, nawe utakuwa umekuja kutibu jino ukaondoka na jicho bovu. Iache izunguke polepole kwa dakika tano hivi, zima, kisha kagua kutoka juu kwenda chini. Mafuta hushuka, hayapandi. Kwa hivyo mahali pa juu kabisa palipolowa ndipo penye chanzo, na yote ya chini yake ni wapita njia.

Sheria hiyo ina mvunjaji mmoja: flaiwili, lile gurudumu zito la juu linalozungushwa na kamba ya kuwashia. Sili ya juu ya krenki imekaa chini yake. Ikichakaa, mchanganyiko hurushwa pande zote na kuacha duara la oili upande wa chini wa flaiwili. Ukiliona duara hilo usiseme ni kidogo. Sili inayotoa mafuta nje huvuta hewa ndani, kwa kuwa sanduku la krenki katika tu-stroki hupumua: pistoni ikishuka husukuma, ikipanda hunyonya. Hewa hiyo ya wizi hupunguza petroli na oili kwa kila pumzi. Mashine hupanda mwendo yenyewe bila kuongezwa, haitulii ikiwa taratibu, na plagi hutoka nyeupe badala ya kahawia. Baadaye pistoni hupata joto kupita kiasi na kung'ang'ana na silinda. Vujo dogo juu, kifo katikati. Sili ya chini ya krenki nayo hufa, lakini hiyo haionekani kwa macho, maana iko kule injini inapokalia mguu. Hiyo mwachie fundi.

Mguuni

Tumefika kwenye oili ya gia, ambako kesi nyingi huishia.

Dalili ya kwanza watu huiona majini: utando wenye rangi za upinde wa mvua ukielea nyuma ya boti. Dalili hii peke yake haitoshi, kwa sababu tu-stroki yoyote huacha utando kidogo kutokana na moshi. Ushahidi uko ndani. Simamisha mashine wima usiku kucha bila kuiwasha. Asubuhi weka karai chini, twaa bisibisi pana inayojaa vizuri kwenye mfuo, legeza parafujo ya chini ya mguu taratibu, bila kuitoa na bila kugusa ile ya juu. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hivyo kama yameingia yatakuwa yameketi chini na yatatangulia kutoka. Yakitoka maji safi kisha oili safi, maji yameingia lakini hayajakorogwa sana. Ikitoka oili yenye rangi ya chai ya maziwa, gia zimekwisha yakoroga pamoja. Ikitoka nyeusi yenye harufu ya kuungua, ilikaa mno bila kubadilishwa. Na isipotoka kitu, haya, mshukuru Mungu uliifungua ukiwa nchi kavu.

Tazama pia parafujo yenyewe. Nyingi zina sumaku nchani. Unga mwororo wa chuma, kama masizi, ni wa kawaida kwa mashine yenye umri. Vipande vinavyokwaruza kidole ni meno ya gia au beringi, na hapo swali si vujo tena.

Mwenzangu mmoja wa Kidato cha Pili aliniuliza: kama oili inatoka, maji yanaingiaje kwa tundu hiyo hiyo? Swali zuri, na jibu tulilisoma katika fizikia. Mashine ikifanya kazi, gia hupata moto, na oili pamoja na hewa iliyobaki ndani hutanuka na kusukuma nje kupitia sili iliyochoka. Nahodha akizima, mguu ungali majini, hupoa, vilivyomo ndani husinyaa, na nafasi iliyoachwa hunyonya maji ya bahari. Kila safari ni pumzi moja: nje oili, ndani chumvi. Ndiyo maana boti inayosimama mara nyingi kushusha abiria huharibika upesi kuliko inayokwenda mwendo mmoja mrefu. Na maji ya chumvi yakilala juu ya beringi kwa wiki mbili za kusi kali, boti zikiwa zimevutwa pwani, kutu hufanya kazi ambayo gia hazikuifanya kwa miaka mitano.

Sasa, imetokea wapi? Njia si nyingi, na mtu mwenye akili huanza na ya bei ndogo. Zile parafujo mbili, ya juu na ya chini, kila moja ina kijipete chake cha kuzibia. Hivyo vijipete havina maisha mawili. Ukishafungua, weka vipya. Nimeona mashine iliyokuwa ifunguliwe yote ikapona kwa vijipete viwili ambavyo havifikii bei ya soda.

Pili, sili za mtaimbo wa rafadha. Adui mkubwa wa sili hizi ni mshipi. Mshipi wa nailoni uliokatika ukielea majini hujizungusha nyuma ya rafadha, hubanwa, hupata joto, kisha hukata mdomo wa sili kama wembe. Kwa hivyo ng'oa kwanza waya wa plagi, ili mashine isije ikawaka mkono wako ukiwa kwenye rafadha. Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Nyoosha ile pini, fungua nati, vuta rafadha nje. Ukikuta pete ya nailoni iliyoyeyuka imejikunja pale, hukumu imekwisha andikwa. Ndipo usafishe mtaimbo na kupitisha ukucha juu ya mahali mdomo wa sili unapogusa. Ukucha ukinasa, pana mfuo, na sili mpya hata iwe ya dukani kwa mwenye kampuni haitaziba mfuo. Mafundi wajuzi huiingiza sili ndani kidogo zaidi au huiacha nje kidogo, ikiwa nafasi ipo, ili mdomo uguse chuma ambacho hakijaliwa. Kama haiwezekani, mtaimbo hubadilishwa au huvikwa gamba jipya.

Tatu ni sili za mtaimbo wa wima, chini ya pampu ya maji. Nne ni ile ndogo inayozunguka kijiti cha kubadilishia gia. Tano ni pete za mpira za kile kikombe kinachoshika beringi ya rafadha. Na katika mashine iliyooza kwa chumvi, aluminiamu yenyewe hutoboka, hasa kama kile kipande cha zinki kinacholiwa badala yake kimekwisha siku nyingi na hakuna aliyekirudisha. Wengine hukipaka rangi ili kipendeze! Zinki iliyopakwa rangi hailiki, na isipoliwa yenyewe utaliwa mguu.

Kuzitenganisha njia hizi kwa kukisia ni kupoteza pesa. Dawa ni upepo. Mwaga oili yote, funga parafujo ya chini, na katika tundu ya juu funga mpira wenye kipimo, uujaze upepo kwa pampu ya mkono mpaka pauni kama 10 kwa inchi ya mraba. Usizidishe, maana upepo mwingi huzing'oa sili nzima ukaleta ugonjwa ambao haukuwapo. Kama mshale umesimama, vyema. Kama unashuka, tumbukiza mguu katika pipa la maji, au paka povu la sabuni, utafute mapovu.

Mashine ya ami ilipopimwa hivyo, mshale ulisimama kama mlingoti. Oili yake ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, ushahidi upo karaini, lakini upepo hautoki! Ami akaanza kunung'unika kwamba labda ni unyevu tu, na kwamba abiria wa Faza wanamngoja. Fundi akasema, "Ngoja, nahodha. Mashine husimama hivi baharini?" Akazungusha rafadha kwa mkono. Kimya. Akausukuma mtaimbo huku na huku. Kimya. Akaigeuza gia mbele, kisha katikati, kisha nyuma, na ilipoingia nyuma mapovu madogo yakapanda, moja moja, kutoka kwenye kijiti cha gia. Sili ile ilikuwa imeliwa upande mmoja tu. Kila ami alipoingia gatini na kurudi nyuma ili asigonge ngazi, alikuwa akiinywesha mashine maji.

Sili yenyewe ni ndogo kuliko sarafu. Kazi yake ilichukua siku nzima, kwa sababu mguu hauna budi kushushwa wote. Gia zilikutwa na madoa ya kutu lakini meno yalikuwa mazima. Fundi alisema zingepata mwezi mwingine hivi, ami angenunua mguu. Mimi nilipiga hesabu ya mguu nikailinganisha na karo ya muhula, nikanyamaza.

Kujaza

Watu hukosea hapa kuliko kwenye kuvua. Oili ya gia haimiminwi kutoka juu. Huingizwa kwa parafujo ya chini, ikipanda na kusukuma hewa itoke kwa tundu ya juu. Ukimimina kutoka juu, hewa hunaswa katikati, nawe utadhani imejaa kumbe nusu. Oili ikitokeza juu bila mapovu, funga parafujo ya juu kwanza, ile ya chini ukiwa bado umeiziba kwa mrija, ndipo uondoe mrija na kufunga ya chini haraka. Hewa ikikosa kuingia kwa juu, oili haina haraka ya kutoka kwa chini. (Kinga tundu ya chupa ya soda kwa kidole, uigeuze, utaona.) Mashine ya nguvu za farasi 15 hula kama robo lita. Ikiwa imekubali kidogo mno kuliko kitabu kinavyosema, kuna hewa ndani, rudia.

Tumia oili ya gia ya baharini, ile ya 90. Kuna wanaotia oili ya gari kwa sababu ipo, na wanaoshindilia grisi ili isivuje. La grisi nalipinga waziwazi. Kweli haivuji, lakini pia hairudi. Meno ya gia huchimba handaki ndani yake na kuanza kuzunguka hewani, makavu, huku grisi imekaa pembeni ikitazama. Mashine ya namna hiyo haikuonyi kwa utando majini. Hukata ghafla, na ikiwa ni ndani ya Mkanda, maji yakiwa yanakupwa na giza limeingia, mtashika pondo mpaka mikono itoke malengelenge, yule mama mwenye uchungu akiwa amelala katikati ya boti.

Kama vujo limegunduliwa mbali na karakana, oili ya chai ya maziwa ni bora kuliko hakuna. Mashine itakufikisha ukienda polepole, mradi uongeze kila mara na uwe na chupa ya akiba tezini. Ukifika tu, mwaga yote siku hiyo hiyo, usiiache ikalala na maji. Na kumwaga si baharini. Ile chafu tiwa chupani, mafundi huipokea. Utando mmoja wa oili hung'ang'ania mizizi ya mikoko ambamo kamba na kaa wachanga hukulia, na hao ndio kesho ya mvuvi.

Jipime

1. Boti ya abiria ina utando wa oili chini ya kabureta, na pia masizi meusi kwenye kitovu cha rafadha. Nahodha ana nafasi ya kutengeneza kimoja tu kabla ya safari ya asubuhi. Atengeneze kipi, na kwa nini?

2. Mtungi una lita 25 za petroli. Mashine yataka 50 kwa 1. Duka lina chupa za oili za mililita 250 pekee. Zitahitajika ngapi?

3. Upepo umetiwa mguuni na mshale haushuki, lakini oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Taja mambo matatu utakayoyafanya kabla ya kusema kwamba mguu ni mzima.

4. Tofautisha kwa sentensi: vuja, tona, chururika, toa jasho. Kila sentensi ihusu sehemu tofauti ya mashine.

Majibu yaletwe kwa katibu wa chama kabla ya kufunga shule. La nne lisahihishwe na upande wa upinzani.